Salamu za Shukrani kwa Watu wa Lamu na Wote Waliotuchangia

Bismillahi Rahmani Rahim. Assalam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Sisi familia ya kijana wetu mkwezi, aliyeanguka mnazini akavunjika pingili ya uti wa mgongo kiunoni, tunamshukuru Mwenyezi Mungu, kisha tunawashukuru nyote. Mwanetu yuko nyumbani Langoni, na ndani ya nyumba anatembea kwa magongo.

Wa kwanza kushukuriwa ni wakwezi wenzake. Hawakumkalisha, hawakumshika makwapani, hawakumpandisha punda. Walimlaza juu ya ubao wa mlango, wakamfunga kwa leso asiyumbe, na nahodha akamleta mjini taratibu. Mfupa uliovunjika ukisukwasukwa unaweza kuzidi kuuumiza uti, ule ugwe wa mishipa ya fahamu unaopita ndani ya mgongo. Kila mwenye shamba la minazi na awafundishe hili watu wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya King Fahd hapa Lamu waliompokea, na wale wa hospitali ya taifa ya majeruhi wa uti wa mgongo kule Nairobi. Michango yenu ndiyo iliyomfikisha huko. Walimgusagusa kwa ncha ya sindano kumpima hisia, wakakuta bado anahisi sehemu za chini kabisa za makalio. Tukaelezwa kwamba uti haukukatika wote, baadhi ya habari za ubongo bado zinapita, basi kuna tumaini la kusimama. Hawakutuahidi zaidi ya hapo, na kwa ukweli huo tunawaheshimu.

Kina mama wa mtaa, hatuna cha kuwalipa. Alipokuwa hawezi kujigeuza mligawana zamu za usiku, mkamgeuza kila baada ya saa 2, mkamkagua ngozi ya mgongo na visigino. Hakutoka kidonda cha kulalia hata kimoja! Vidonda hivyo na maradhi ya njia ya mkojo huwaua wengi waliokwisha kuokoka na ajali yenyewe. Mazoezi yasingekuwapo bila nyinyi.

Mafundi wa majahazi nao walimjengea uani reli mbili za boriti za mikoko, kimo cha kiuno chake. Hapo ndipo alipojifunza upya kuhamisha uzito mguu hadi mguu, goti likifungwa chuma lisikunjike. Mtaalamu wa mazoezi humpimia, saa mkononi, muda wa kutembea mita 10, na muda huo unapungua.

Tuna ombi moja, kwa mapenzi. Msimwulize magongo atayaacha lini. Miezi ya mwanzo ndiyo huleta nafuu kubwa, baadaye nafuu huja polepole, na kwa wengine husimama. Akienda msikitini hupanda kiti cha magurudumu, kwa kuwa vichochoro vyetu ni virefu na nguvu anazihitaji. Mkimwona kitini msidhani amerudi nyuma. Mpisheni tu, na punda wasifungwe njiani.

Pesa zilizobaki, kwa ridhaa ya wazee, zitanunua mipira ya mkojo na mto wa kiti chake. Hesabu ziko kwa mweka hazina, anayetaka kuziona aje. Wageni wa kumjulia hali tunawakaribisha baada ya Alasiri, asubuhi yumo mazoezini.

Mola awalipe kheri nyote. Wabillahi taufiq.

Ami yake, kwa niaba ya familia
Langoni, Lamu