Lile swali lilikuwa lako

Nyegezi, Mwanza
Jumapili usiku

Bahati ndugu yangu,

Mwangaluka. Barua yako nimeipata kwa mkono wa shemeji, pamoja na asali ya Tabora ambayo watoto wameimaliza kabla sijalamba kijiko cha pili. Unasema binti yako anataka kusomea baiolojia, na umemwambia aniulize mimi nilianzaje. Ungemsimulia mwenyewe, maana ulikuwepo.

Unayakumbuka yale mawe ya Igombe? Wewe umeshika kopo, mimi ndoano. Nikavuta furu mdogo, kidevu kimemvimba kama mtu aliyebugia tonge la moto. Nilipomtia kwenye kopo, akatema. Vikatawanyika vitu vyeusi, nikadhani uchafu wa jiwe, mara vikaanza kuogelea: macho mawili na mkia, basi. Nikasema, "Huyu kala wenzake." Wewe ukanyamaza kidogo, kisha ukauliza, "Sasa mbona wote wazima?"

Kesho yake tukalipeleka swali darasani. Mwalimu akasema samaki hutaga mayai majini, habari imekwisha, na kwa ubishi wetu tukafyeka nyasi za uwanja mpaka kengele ya mwisho. Wewe ulifyeka huku unacheka. Mimi kinyongo bado ninacho kidogo.

Jibu nililipata miaka mingi baadaye, chuoni Dar. Furu jike akishataga huyaokota mayai yake kwa mdomo, akakaa nayo humo wiki mbili hadi tatu bila kula cha maana, mpaka watoto waweze kuogelea. Nilipoisoma habari hiyo niliinuka nikatafute mtu wa kumwambia, na mtu mwenyewe ulikuwa Tabora. Ya kati hapo, kurudia fizikia na kulala njaa, hayana maana.

Siku hizi nafundisha. Wanafunzi wangu sangara wanamjua kwa kilo na bei ya soko la Mwaloni, ila furu kwao ni samaki wa mafungu tu. Nawaeleza kwamba sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, akaongezeka mno miaka ya 1980, na kati ya aina zipatazo 500 za furu nyingi hazijaonekana tena. Hapo wananisikiliza kwa adabu. Wanapoamka ni pale ninapoandika ubaoni *Pundamilia nyererei*. Jina la kisayansi, na nusu yake Kiswahili! Alipewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985.

Basi huyo ndiye ninayemtafiti. Dume lake lina mgongo mwekundu, na ndugu yake wa karibu ni wa buluu. Jike huchagua mume kwa rangi. Kule kisiwa cha Makobe, maji maangavu, kila mmoja yuko na wake. Ndani ya ghuba yetu, kwenye tope la mashambani na mwani unaostawi kwa maji taka, jike haoni vizuri, anachukua yeyote, na aina mbili zinayeyuka kuwa moja. Kazi yangu kubwa, usinicheke, ni kushusha majini sahani nyeusi na nyeupe iliyofungwa kamba, na kuandika imepotea machoni kwenye kina gani. Mama alikuja siku moja akaniona, akauliza kama hiyo ndiyo kazi niliyosomea.

Juzi tukiwa mtumbwini, binti mmoja wa Sengerema aliitazama ile sahani ikipotea, akasema, "Mwalimu, kama mume hamwoni, watoto akishawatema anawajuaje kuwa ni wake?"

Bahati, nilidhani ni wewe. Jibu sikuwa nalo. Nilimwambia tutaangalia, na nyasi sikumfyekesha. Tumeanza kutafuta matangi ya kuwafugia furu.

Mlete mwanao likizo ya Juni. Aje na viatu vya kulowa, na asali safari hii umkabidhi yeye, anipe mkononi.

Wako wa mawe ya Igombe,
Masanja