Kabla hujanukuu, angalia ni makala ya aina gani
Jamani habari zenu, nimepitia rasimu mlizotuma naona kila chanzo mlichonukuu kimeandikwa "jarida" tu, hapo tutakwama mbele. Makala ya kitaaluma utaijua haraka, waandishi wametajwa na vyuo vyao, juu kuna ikisiri (muhtasari wa utafiti), ndani mbinu na matokeo, mwisho marejeo marefu, na imepitiwa na wataalamu wengine kabla ya kuchapwa. Gazeti la kila siku ni zuri kwa kujua tukio lilitokea lini na nani alisema nini, basi. Majarida ya fani, ya wahandisi au wauguzi mfano, yanaandikwa na watu wa kazi hiyo kwa wenzao, matangazo ya vifaa kibao, msiyadharau ila msiyaite utafiti.

Sasa mtego uko hapa, jarida moja linaweza kubeba makala za aina tofauti. Chukueni Nature, jarida la sayansi lililopo tangu 1869, ndani kuna tafiti zilizopitiwa na pia habari, maoni, hadi uhakiki wa vitabu, kwa hiyo ukiniambia "imetoka Nature" bado nitakuuliza ni makala gani. Na ule mchujo wa databesi, wa kuonyesha zilizopitiwa na wataalamu tu, mara nyingi unachuja jarida sio makala, tahariri zinapita humo humo. Hata ISSN, ile namba ya tarakimu 8 ya majarida na magazeti, inatambulisha chapisho tu, haisemi kitu kuhusu ubora.

Naomba kila mtu aandike pembeni aina ya kila chanzo chake kabla hatujakutana, ukikwama tupia humu picha ya ukurasa wa kwanza tuangalie pamoja.