Malengo yako tisa

Kibokoni, Mombasa

Asalam aleikum shoga yangu,

Barua yako nimeipata, na yale malengo tisa, toka kazi ya Ghuba na gari mpaka ualimu wa chekechea na duka la mabuibui, nimeyasoma mara mbili. Yote mazuri, ila tisa ni mengi. Lengo moja likidai saa 6 kwa wiki, kwa mwaka ni saa 312. Matano tu ni saa 30 kila wiki, nawe una kazi, foleni ya feri asubuhi na jioni, na watoto. Yataanza yote kwa pamoja, na baada ya miezi miwili hakuna litakalokuwa limesogea.

Ili ujue lipi ni lako hasa na lipi umelibeba kwa watu, chukua daftari, kila lengo ulipe ukurasa wake. Kwanza andika ulilisikia wapi na kwa nani. Usione haya kuandika "stetasi ya binamu" au "maneno ya harusini". Kusikia kwa mtu si kosa, lakini ujue mbegu imetoka wapi.

Kisha andika Jumanne ya kawaida ya lengo hilo. Saa nne asubuhi uko wapi, mikono inafanya nini, nani anakuamrisha? Hili la kwenda Ghuba litazame hapo hasa. Kwenye stetasi tunaona dhahabu na masanduku ya zawadi. Jumanne ya mfanyakazi wa ndani ni nyumba ya watu, mkataba ambao mara nyingi ni wa miaka 2, na kibali cha kukaa kilichofungwa kwa mwajiri, hata kubadilisha kazi ni shida. Sikukatazi. Ukiiona Jumanne hiyo yote na bado waitaka kwa ajili ya karo ya watoto, basi ni lengo lako. Hakikisha tu wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na mkataba uusome wote kabla ya kutia sahihi.

Tatu, jiulize: nikilipata na nisiruhusiwe kumwambia mtu, wala kupiga picha, nitalitaka bado? Katika barua yako gari umeliandikia nusu mstari. Ualimu wa chekechea umeuandikia ukurasa mzima, mpaka vile watoto wanavyoshika penseli kwa ngumi na unavyotaka kuwafungua vidole kimoja kimoja. Mtu hawezi kuona vidole vya mtoto namna hiyo kwa kuambiwa. Na kwa kuwa katiba ya 2010 iliweka chekechea chini ya kaunti, ulizia ofisi ya elimu ya kaunti sifa zinazotakiwa kabla hujalipa ada ya chuo chochote.

Unasema kila mtu barazani anaona ualimu haulipi. Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch wa Marekani alieleza jaribio lake: mtu anaonyeshwa mistari, achague uliolingana na mwingine. Akiwa peke yake hakosei karibu kamwe. Akiketi na kundi lililopangwa kujibu vibaya, takriban thuluthi ya majibu yake yalifuata kosa la wenzake, na mistari iko mbele ya macho yake! Lakini alipokuwepo mtu mmoja tu wa kusema kweli, makosa yalishuka sana. Kwa hiyo huna haja ya kugombana na baraza zima. Tafuta mmoja anayefundisha sasa hivi, umuulize mshahara, idadi ya watoto darasani na kinachomchosha.

Wala usiwafungie masikio wote. Mama yako akikwambia usiuze mkufu, msikilize, maana ukikwama ni kwake utakakokula. Wa kumpima sana ni yule asiyelipa chochote ukishindwa.

Ukishamaliza, funga daftari wiki 2, kisha ubakishe mawili tu. Kila moja liandikie sentensi yenye saa na mahali: "Jumamosi, nikishatoa vyombo vya chai, nitakaa mezani nisome saa moja." Ukiandika "nitasoma zaidi", halitafanyika, kwa sababu hakuna kitu cha kukukumbusha. Yale saba mengine usiyachane, yaweke nyuma ya daftari mpaka mwakani.

Duka la mabuibui hukueleza hata kidogo siku yake ya kawaida ilivyo, yaani Jumanne yake. Niletee hiyo katika barua ijayo. Msalimie mama na watoto.

Wako,
Shoga yako wa Kibokoni