Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Kamati yenu imeshughulikia aloi nyepesi, yaani metali zilizochanganywa, za injini za ndege zetu mwaka huu kuliko jambo jingine lolote, na naamini haikukosea. Sisi tunaoruka kutoka Nairobi, ambako uwanja wa Wilson uko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, tunajua jinsi hewa hafifu inavyoipunguzia injini nguvu na papo hapo kuinyima upepo wa kuipoza, hivyo kila kilo inayopungua ina maana kwetu.

Jambo lenyewe si geni. Injini iliyorusha ndege ya ndugu wawili wa ukoo wa Wright mwaka 1903, iliyoundwa na fundi wao Charlie Taylor huko Dayton, ilikuwa na ganda la alumini iliyochanganywa na shaba takriban asilimia 8.

Kuhusu magnesi nitasema machache. Uzito wake ni kama theluthi mbili ya alumini, na wengi wetu tunaijua kutokana na maganda ya injini za Volkswagen Beetle tunazozigeuza kuwa za ndege. Wenzetu wa pwani, hata hivyo, wameona unga mweupe ukichomoza pale bolti ya feleji inapoingia kwenye magnesi, kwa kuwa metali hizo mbili zikikutana penye unyevu wa chumvi, magnesi ndiyo inayoliwa. Pistoni nazo zinahitaji uangalifu: aloi ya alumini iitwayo 2618 huvumilia joto na vishindo kuliko ile iitwayo 4032 yenye silikoni ya kama asilimia 12, lakini hutanuka zaidi, kwa hiyo anayebadilisha moja kwa nyingine abadilishe pia nafasi kati ya pistoni na silinda.

Lililoniumiza zaidi ni la vichwa vya silinda. Mwanachama wetu aliuziwa kichwa kilichoelezwa kuwa cha A356, aloi ya alumini na silikoni, iliyokamilishwa kwa joto, yaani iliyopashwa hadi nyuzi 540 za Selsiasi hivi, ikatumbukizwa majini, kisha ikaachwa saa kadhaa kwenye joto la nyuzi 150 na zaidi ili ikomae. Baada ya kuruka muda mfupi tu, alipofungua plagi ilitoka na uzi wote wa tundu, umejisokota kama maganda ya penseli. Tulikipima ugumu: kipande cha aina hiyo hutarajiwa kufika karibu 80 kwa kipimo cha Brinell, nacho hakikufika hata 60. Hakikuwa kimepashwa joto ipasavyo tangu mwanzo, na pengine joto la injini ndege inapopanda lilimalizia, maana aloi hii ikikaa muda mrefu juu ya nyuzi 200 hupoteza ugumu iliopewa.

Kwa sababu hiyo kamati inawaomba mpitishe kanuni mbili: kipande chochote cha aloi kisifungwe kwenye injini bila hati ya uyeyushaji, inayoonyesha aloi ina metali zipi, na ya upashaji joto, na kila kichwa kipimwe ugumu kabla ya kufungwa na tena katika ukaguzi wa kila mwaka. Gharama ya kipimo cha mkononi mhazini ataieleza. Kichwa hicho kipo mezani kwa katibu pamoja na plagi yake, na nawaomba kila mmoja akishike kabla ya kupiga kura.