Vazi la jenerali linaanza kwapani

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Picha zimefika, nimezikuza kwenye simu mpaka nikaona kila shanga. Nakubali: nitakushonea vazi la Okoye, jenerali wa Wakanda, ile nchi ya kubuni ya sinema ya Black Panther, ulivae siku ya kosplei, siku ya kuvaa kama wahusika wa sinema, huko chuoni kwenu Dar. Lakini umeniuliza habari za rangi na dhahabu tu. Hukuuliza utakaaje, utakunywaje maji, utaendaje chooni. Hayo ndiyo nataka tuyamalize kabla sijashika mkasi, maana nguo ikishakatwa bila kuyafikiria, hakuna pambo litakaloiokoa.

Mama, Okoye ni askari. Kila anachovaa kinatakiwa kimruhusu anyanyue mkuki. Ruth E. Carter, mbunifu wa Marekani aliyetengeneza mavazi yale kwa ajili ya sinema hiyo ya mwaka 2018 na kupata tuzo ya Oscar mwaka 2019, alichukua wekundu wa Wamasai na pete za shingoni za wanawake wa Kindebele, akavitia kwenye mwili unaopigana. Okoye huvaa dhahabu kwa kuwa ndiye jenerali, wenzake huvaa fedha. Kwa hiyo hapo kwenye rangi uko sahihi, usikubali mtu akubadilishie.

Na sisi huku kusini tuna walimu wetu. Umewaona wachezaji wa mapiko, ngoma ya vinyago, tangu utotoni. Lipiko, yaani kinyago chenyewe, linafunika kichwa kizima, lakini Wamakonde hulichonga kwa mti mwepesi, wakalikomba ndani mpaka likabaki jembamba, na mchezaji huona kupitia mdomo wa kinyago. Mchongaji anajua kabla hajaanza kwamba kitu hicho kitachezewa ngoma. Nataka vazi lako nalo lifikiriwe hivyo.

Nianze na nguo nyekundu ya ndani, kwa sababu ndiyo itakayogusana na ngozi yako kutwa nzima. Nitatumia pamba yenye mvutiko kidogo, si ile nailoni ing'aayo uliyonionyesha. Joto la pwani unalijua, na nailoni hainywi jasho. Kwapani nitatia kikwapa, kama cha kanzu ya babu yako. Kipande hicho kidogo cha pembe nne ndicho kinachomwezesha mzee kuinua mikono yote miwili kwenye takbira bila kanzu nzima kupanda naye. Utainua mkuki wako, na nguo ibaki kiunoni ilipo.

Wengi hushona vazi la namna hii kipande kimoja, zipu mgongoni. Kwenye picha linapendeza sana. Ila ukibanwa na haja ndogo itakubidi uvue kila kitu kuanzia shingoni, na msichana anayeogopa safari hiyo ataacha kunywa maji, kisha ataanguka kwa joto. Sikubali. Nitashona juu mbali na suruali mbali, viungane kwa kulabu chini ya mkanda. Mkanda ni mpana, hakuna atakayeuona mshono.

Deraya ya begani, lile vazi gumu la kivita, utatengeneza mwenyewe huko kwa foami ya EVA, ile ya jamii ya ndala. Milimita 5 inatosha. Ya milimita 10 ni imara, lakini hailali vizuri kwenye bega jembamba kama lako. Jifunge nailoni ya jikoni, ile ya kufunikia chakula, begani, rafiki yako abandike selotepu juu yake, mchore mistari kwa kalamu, kisha mkate. Mkiilaza mezani, hiyo ndiyo pateni yako, kielelezo cha kukatia. Kata kwa kisu kipya, kisimame wima, maana kisu butu hurarua kingo na kingo zilizoraruka hazikutani. Azima bloa ya fundi simu, pasha foami hadi uso wake ung'ae kidogo, ikunje juu ya kitu cha mviringo na uishikilie mpaka ipoe. Gundi ya viatu hupakwa pande zote mbili, ukasubiri hadi isinate kidoleni, ndipo unazikutanisha. Lenga vizuri, ikishashika hairudi. Na mvuke wa gundi ile ni sumu, mwanangu. Fanyia kazi barazani penye upepo, kamwe usifanyie chumbani hosteli. Kabla ya rangi, paka gundi nyeupe ya mbao iliyotiwa maji kidogo, tabaka juu ya tabaka, la sivyo foami itainywa rangi yote. Ikishakamilika, usiiache ndani ya gari juani, itapinda.

Shanga niachie mimi. Za kioo ni nzito, kwa hiyo nitazishonea juu ya kanvasi yenye bitana, na mikanda yake ipishane mgongoni ili uzito ugawanyike mabegani na kiunoni. Shingo isibebe chochote. Hata pete za shingoni zitakuwa za mpira mwepesi wa maji, uliozungushiwa kitambaa cha dhahabu kilichokatwa kimshazari, kila moja ikiwa wazi nyuma na kufungwa kwa kishikizo cha kubana. Ukishindwa kugeuza kichwa au kumeza maji ukiwa nazo, tutapunguza moja. Afadhali pete chache.

Kuhusu upara wa Okoye, nywele ni zako na uamuzi ni wako. Ukitaka kuzihifadhi, suka twende kilioni ndogondogo zilale, ndipo uvae kofia ya upara. Lakini kofia hiyo haipitishi hewa. Ukisikia kizunguzungu, ivue hapo hapo, hata kama bado unapigwa picha.

Vazi likifika, livae lote na viatu vyake siku kadhaa kabla. Panda ngazi, chuchumaa, kaa kwenye kiti cha plastiki, inua mkuki juu ya kichwa. Panapokwaruza utapajua mapema: tia kipande cha bitana kwenye ukingo wa deraya, na mafuta ya mgando kwapani na mapajani.

Sasa vipimo. Mwenzako akupime mgongo ukiwa umeketi na kuinama mbele, kuanzia mfupa wa shingo hadi kiunoni. Halafu upana wa mgongo ukiwa umejikumbatia. Mapaja yapimwe ukiwa umekaa. Shingoni, apitishe vidole viwili ndani ya futi. Nitumie usiku huu ukiweza. Kitambaa nimeshakiona sokoni, na lazima nikifue kwanza kabla ya kukikata, maana pamba hunywea na nyekundu huchuja.

Mama yako,
Mtwara