Mhariri, kompyuta zipo ila ufunguo ndo hatuna

Mhariri naomba kanafasi kadogo kwenye gazeti lako. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapa Mbeya, chuo sikitaji maana bado nataka kumaliza.

Chuoni kwetu kuna chumba cha kompyuta. Siku tumeingia kipindi nikazihesabu, ziko 38, zinazowaka 31, na kwenye ada kila mwaka kuna hela ya TEHAMA tunalipa wote hadi wale ambao hawajawahi kuvikalia vile viti. Sasa kile chumba kinafunguliwa saa 3 asubuhi kinafungwa saa 10 jioni, na hizo saa ndo tuko darasani, tukitoka tunakutana na kufuli. Jumamosi kufuli, Jumapili usiseme. Ukiuliza unaambiwa vitaibiwa, au mhusika hayupo, na kweli hayupo, saa 10 na dakika 5 keshakaa siti ya dirishani kwenye daladala.

Matokeo yake pita usiku kwenye vimbweta, yale mabenchi ya kujisomea nje, vya nyuma ya jengo la utawala uone. Waifai ya ofisini inavuja hadi pale na paswedi ilishasambaa zamani, watu wamejifunika mashuka ya kimasai na kofia za sufu, mwezi wa 7 Mbeya unaijua baridi yake, vidole vinakufa ganzi hadi simu haikusikii ukigusa, na mtu hapo anaandika risachi ya kurasa 50 kwa kidole gumba. Mi mwenyewe sura mbili za mwanzo nimeandika hivyo hivyo, nikaenda kuifungua steshenari Mwanjelwa majedwali yote yamevurugika, namba zimelala juu ya maneno, nikaanza moja.

Na steshenari si bure. Kazi yangu ina kurasa 47, kuprinti ukurasa 200, hiyo ni 9,400, na msimamizi kairudisha mara tatu, piga mwenyewe hesabu, 28,200 kwa mtu anayesubiri bumu, ile hela ya mkopo wa chuo. Halafu virusi. Rumeti wangu kachomeka flashi pale, kufika geto kila foda imegeuka shotikati, akilifungua halifunguki, akalia, akakaa wiki nzima anaandika upya. Baadae sana ndo jamaa wa IT akamwambia mafaili yalikuwemo mule mule, kirusi kilikuwa kimeyaficha tu, ni amri ya mstari mmoja unayarudisha. Chumba kingekuwa wazi jioni na huyo jamaa yupo mle ndani si angemsaidia dakika mbili?

Najua nitajibiwa intaneti ni ghali na haitoshi. Mchana nakubali kabisa. Chukulia intaneti ya chuo ina kasi ya Mbps 20, yaani megabiti 20 kwa sekunde, na watu 400 wameingia kwa mpigo, kila mmoja anaambulia kilobiti 50 kwa sekunde, yaani PDF ya MB 3 unaisubiri dakika 8 na hapo hakuna aliyefungua video. Lakini hizo Mbps chuo kinazilipia kwa mwezi, haziwekwi akiba zikatumika kesho, usiku zinapita bure, wanaozitumia ni sisi wezi wa vimbweta tu. Saa 12 jioni hadi saa 5 usiku watu 31 wakigawana hizo 20 kila mmoja ana zaidi ya kilobiti 600, hiyo PDF dakika haifiki.

Na sio kila kitu lazima kitoke nje. Kuna programu ya bure inaitwa Kiwix, unapakua Wikipedia nzima mara moja unaiweka kwenye kompyuta moja, zingine zote zinaisoma kupitia waya wa ndani bila hata bando. Noti za walimu na risachi za waliotutangulia nazo zikae humo. Mwezi wa 5 mwaka 2024 kebo za baharini za SEACOM na EASSy zilipokatika nchi nzima mtandao ulikuwa unakokota, sisi tulikuwa na tesiti wiki hiyo na noti ziko mtandaoni, tukabaki tunatazamana.

Kompyuta zenyewe ni za Windows 7, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tangu Januari 2020, so na hilo la virusi litaendelea hadi pale ndani. Wakitaka waweke Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ni bure na inakimbia kwenye mashine za zamani, vijana wa IT wataiweka wenyewe kama sehemu ya field, wala hatuombi mashine mpya wala jengo.

Kuhusu wizi, tulishasema tutalinda wenyewe kwa zamu, wawili wawili, mmoja wa IT na mmoja wa kozi yoyote, kitambulisho kinabaki mlangoni hadi utoke. Tuliandika majina 22 pamoja na namba za usajili tukapeleka ofisini mwezi wa 3. Juzi nimeingia kufuatilia mambo ya ada nikaiona ile karatasi yetu, ipo bado pale pale mezani, imewekewa chupa ya chai juu.

Mwanafunzi, Mbeya