Miguu ikifa ganzi, sema

Mwanangu,

Barua hii utaikuta chini ya mashuka ukifungua tranka. Ningekwambia stendi, lakini baba yako angesema nakutia hofu, na mimi najijua, ningelia mbele za watu.

Ni hili tu: miguu ikifa ganzi, mwamshe matroni usiku huohuo. Usingoje kuche, usingoje mtihani uishe. Iringa kuna baridi, vidole vitakufa ganzi, najua. Ila ganzi ya baridi huisha ukivaa soksi. Ile nyingine haiishi, inapanda. Kesho iko magotini na kuinuka kitini huwezi. Daktari alisema ugonjwa ule uliokupooza utotoni kurudi ni nadra. Nilimsikia. Wewe sema tu. Na ugonjwa utaje kwa jina, Guillain-Barré, nimekuandikia kwenye jalada la daftari la Bailojia. Ukisema ulipooza utotoni watadhani polio.

Hata mimi nilidhani polio. Wale waliokuja na kopo na boksi la barafu kuchukua choo chako mara mbili walikuwa wanaitafuta hiyo. Mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea viungo ghafla lazima apimwe. Hawakuiona. Daktari akauliza kama ulikuwa umeharisha. Ulikuwa umeharisha, wiki mbili nyuma. Akasema mwili huanza kupigana na vijidudu vya tumboni, kisha ukageukia neva zake wenyewe, na vijidudu hivyo mara nyingi hutoka kwenye kuku asiyeiva. Kuku wa siku ile nilimpika mimi, magharibi ishaingia na wageni wanangoja.

Ya wodini unayakumbuka. Usilolijua ni kwamba daktari alipokuwa anakuhesabisha kwa pumzi moja haukuwa mchezo. Alikuwa anapima kifua, maana misuli ya kupumua ikilegea mtoto anawekwa kwenye mashine. Mimi nilikuwa nje ya dirisha. Jumatatu ulifika 22. Jumatano uliishia 9. Mpaka leo ukihesabu chenji naacha ninachofanya, nisikilize unafika wapi.

Na kile kiwanja cha Pongwe unachomuulizia baba yako kilikwenda kwenye dripu yako, siku tano, chupa kwa chupa. Usimuulize tena.

Umepata daraja la kwanza, mtaa mzima unajua, nimewaambia mwenyewe. Lakini bibi yako hukumuaga vizuri, mpigie. Wewe una tabia ya kunyamaza. Labda uliipata siku ile ndala ilipokuwa inakuchomoka mguuni huna habari, nami nikasema unadeka, nikakutuma maji. Sasa nakuomba usinyamaze. Ganzi ikipanda, sema.

Mdogo wako ameshahamia kitanda chako. Bati la jikoni linavuja palepale, fundi kaahidi Jumamosi.

Soksi nzito ziko mfuko wa pembeni, jozi tatu. Ya kijani ina tundu kisiginoni, ishone kabla hujaivaa.

Mama yako